Ngoro ya Tatu Kutoka Juu

Kwetu Maguu mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza mteremkoni kwa miraba. Mwanamke hufuata na jembe, huchimba katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo. Hiyo ndiyo ngoro. Nyasi huoza, maharage hustawi. Mimi na marehemu mume wangu tulilima hivyo tangu tulipooana, na ndiyo maana tulikosea.

Ghala la zamani la kahawa lilipobomolewa, mume wangu alirudi na kopo la DDT, dawa ya zamani ya kuulia wadudu, lililosahaulika humo. Hakutaka watoto walichezee. Akamwaga unga wote juu ya nyasi za ngoro ya tatu kutoka juu, akasema utaoza pamoja nazo. Nikaufunika. Chini ya shamba lile kuna chemchemi inayonywesha nyumba tatu, mojawapo ya shemeji yangu.

Miezi minne baada ya mazishi yake, alikuja dada mmoja mtafiti, akaitisha mkutano kuuliza nani anajua zilipo dawa za zamani za wadudu. Hakuna aliyenyoosha mkono. Shemeji alinitazama, maana kaka yake alikuwa amemsimulia. Njiani akaniambia nisianze kumfukua marehemu.

Siku mbili baadaye mtafiti alitualika kwenye maabara ya sekondari. Mimi niliishia darasa la saba, nikakaa nyuma. Alieleza kwamba dawa ile imebeba klorini iliyoshikamana na pete za kaboni, na imeshika vibaya, ndiyo maana inakaa ardhini miaka na miaka. Nikayakumbuka maharage niliyovuna pale na kuwapikia wanangu.

Alikuwa na chupa mbili za dawa hiyo iliyoyeyushwa kwenye spiriti. Ya kwanza akaitia matone ya kipimo, ambayo huleta weupe yakikutana na klorini iliyo huru, ikabaki angavu, kwa sababu klorini ilikuwa bado imefungwa. Ya pili akaitia unga mweusi, mkaa wenye chembe za madini ya paladiamu, kisha akapitisha haidrojeni, viputo vikapanda kimoja kimoja. Alisema haidrojeni hukaa juu ya chembe zile, ikang'oa klorini na kushika nafasi yake, na unga wenyewe hauishi kwa kazi hiyo. Tulisubiri mpaka kengele ya chakula. Akachuja unga, akatia matone yaleyale.

Chupa ikageuka nyeupe kama maji yaliyooshewa mchele.

Klorini ilikuwa imetoka! Niliiona kwa macho yangu. Moyo ulinienda mbio, na nilipojishtukia nilikuwa nimesimama mbele, pua karibu na kioo. Nikamwomba arudie. Akarudia kwa chupa nyingine, tukasubiri tena, ikawa nyeupe tena. Nikacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu msiba, mpaka watu wakageuka.

Nikauliza kama udongo nao unaweza kusafishwa. Hakunidanganya. Alisema kwanza udongo uchimbwe, dawa ikamuliwe humo, ndipo haidrojeni ifanye kazi, na kwa udongo wa mashamba bado wanajaribu. Lakini hawawezi kuanza bila kujua dawa ilipo, na mvua zikinyesha zitaiteremsha hadi kwenye maji ya kunywa.

"Shemeji, twende nyumbani," shemeji yangu akasema taratibu.

"Mimi najua ilipo," nikamwambia mtafiti. "Mume wangu aliiweka kwenye ngoro. Mimi ndiye niliyeifunika, kwa jembe langu."

Mtafiti akauliza kama nakumbuka ni ngoro ipi. Nikamwambia hata nikifumbwa macho nitamfikisha.

Nilipanda mteremko ule kama msichana, yeye akihema nyuma na mifuko yake. Shemeji alitufuata. Nilipoonyesha mahali, mtafiti akavaa glavu, akaanza kuchota udongo. Shemeji alisimama akiutazama. Kisha akashuka chemchemini, ambako mkewe alikuwa anateka maji. Akaichukua ndoo ya mkewe iliyojaa, akaimwaga yote kwenye majani, akapanda tena kuja kutushikia mfuko.