Sauti ya Pili

Mama aliolewa Ujiji akitokea milimani, upande wa Kasulu, na alipokuja aliacha kanisa, kwaya na jina lake la ubatizo. Shangazi zangu, dada zake Baba, walimpokea vizuri, ila walimwekea sharti moja: maneno ya kanisani yasisikike ndani ya nyumba. Mama akakubali. Hakuyatamka tena maishani mwake, na kwa sala na funga aliwaacha mbali hao hao waliomwekea sharti. Hilo nalisema bila kupepesa macho, shangazi wanisamehe.

Sauti tupu hawakuikataza. Akisonga ugali au akinibembeleza nilale, Mama aliguna wimbo mmoja, mdomo umefumbwa, huo huo kila siku. Nilipomwuliza maneno yake alisema ameyaacha kwao.

Mimi nimelelewa na madrasa ya Kasingirima, na leo kaswida ndiyo kazi yangu, kwenye maulidi na kwenye harusi. Utotoni ustadhi alinigombeza sana. Wenzangu wakishika sauti moja, mimi naingilia pembeni, chini kidogo yao, kama mtu anayetembea majanini na njia anaiona. Baadaye watu wakaipenda hiyo hiyo. Ukipita Gungu utawakuta vijana wa bodaboda wanaisikiliza kwenye simu, wanasema yule dada wa Ujiji ana sauti yake. Nilivimba kichwa, kwa nini niseme uongo. Nilidhani ni yangu.

Mama alipougua na kurudishwa nyumbani kutoka hospitali, sote tulijua amerudi kufanya nini. Alasiri moja shangazi walikuwa wamezunguka kitanda wanasoma Yasini. Mama akanishika mkono, akanivuta karibu.

"Ule wimbo," akasema. "Maneno yake yamenitoroka. Unayo wewe?"

Shangazi mkubwa akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba saa hizi ni za kutamka shahada, mambo yale ayaache. Mama akaitamka shahada, vizuri, bila kukosea. Kisha akanigeukia tena.

"Sitaki kurudi kanisani, mwanangu. Nataka kusikia kwetu."

Nilitoka uani nikampigia mjomba Kasulu. Akasema wa kwaya ile karibu wote wameshazikwa, na kwaya ya sasa ina kinanda na nyimbo zake. Nikarudi ndani mikono mitupu. Baba alikuwa ameketi mkekani karibu na mlango, anavuta tasbihi, wala hakuinua uso. Sikuwa na la kufanya ila kumgunia Mama sauti aliyonifundisha mwenyewe. Alinisikiliza huku midomo yake ikitafuta neno, ikitafuta, haipati. Kesho yake alikata kauli, na haikupita siku tukamzika. Kilichoniuma kupita kifo chenyewe ni ile midomo.

Arobaini ilipokwisha, shangazi walirudi kwao Rusimbi, nyumba ikabaki na mimi na Baba. Asubuhi iliyofuata nilikuwa uani nachambua dagaa kwenye ungo, naguna bila kujijua. Baba alikuwa barazani. Akaanza kuimba. Aliimba maneno, Kiha kitupu, lugha ya kwao Mama, yeye ambaye sikuwahi kumsikia akisema Kiha zaidi ya salamu na bei. Ubeti ukaisha, akaingia mwingine. Palikuwa na mlima, palikuwa na Imana, Mungu kwa Kiha, anayemngoja mtu afike nyumbani. Nilibaki na dagaa mkononi.

Nikamwuliza ameyatoa wapi. Akaniambia kwamba ujanani alikuwa akipandisha dagaa milimani, na siku za mazoezi ya kwaya alipanga mzigo wake nyuma ya kanisa, chini ya dirisha. Wenzake waliuza sokoni na kumcheka. Yeye alipata hasara, na mwishowe akapata mke.

"Sasa Baba, kwa nini hukumwimbia?"

Akageukia mlango wa ndani.

"Dada zangu walikuwa ndani."

Nilimchukia. Ni baba yangu, nampikia, namfulia kanzu ya Ijumaa, na asubuhi ile nilimchukia. Mwanamke alikuwa anakufa anaomba maneno, na maneno yalikuwa pale pale mlangoni, yamekalia mkeka. Nilitaka kumwambia hivyo. Nikamtazama, nikaona machozi yanamteremka ndevuni na hayafuti, nikamwambia tu arudie, maana naye ni mzee.

Akarudia polepole, nikashika ubeti baada ya ubeti. Nilipouweza wote nikasema nitapanda Kasulu niwatafute wazee waliobaki, niwaimbie. Baba akatikisa kichwa.

"Watasema hujui wimbo. Hiyo ni sauti ya pili, ile inayopita chini ya wimbo wenyewe, aliyoimba mama yako. Walikuwa wengi mle ndani, ila mimi nilikuwa namsikiliza yeye tu."

Kwa hiyo wimbo wenyewe sijausikia mpaka leo. Jumamosi nina maulidi Gungu. Wenzangu watashika sauti yao, nami nitaingia pembeni, chini kidogo, anapoingilia Mama.