Siku Niliyoingia kwa Jirani bila Hodi

Nikiikumbuka siku ile mpaka leo masikio yanapata moto, na mtaani kwetu hapa Malindi watu hawasahau, kwa hivyo afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjawasikia wao, maana wao wataongeza chumvi (ingawa nikisema kweli, kisa hiki hakina pa kuongezwa chumvi).

Mimi ni fundi cherehani. Jirani yangu wa ukuta mmoja ni Baba Mwende, mwashi, mtu wa Ukambani aliyekuja huku kijana, akajenga, akaoa, akazaa, na Kiswahili chake siku hizi ni cha kipwani kuliko cha wanangu. Kwa miaka kumi na tano, kila siku baada ya alasiri, tulikuwa tukikaa kwenye baraza yangu tukibishana siasa. Mimi nina mtu wangu, yeye ana wake. Tulibishania barabara, tukabishania hospitali, tukabishania mfereji unaotoa maji siku mbili kwa wiki, na mara nyingi kahawa ilipoa vikombeni hakuna aliyeinywa, kisha yeye huinuka akaniambia, "Kesho nitakuonyesha ulipokosea," na kesho anakuja kweli.

Halafu zikaja hizi simu. Siku moja nililetewa sauti ya bwana nisiyemjua akisema watu wa bara wakapige kura kwao walikotoka, nami (sijui shetani gani aliyenishika kidole) nikaisambaza kwenye kundi la mtaa bila hata kuisikiliza mpaka mwisho. Asubuhi yake Baba Mwende akaja dukani kwangu, nina wateja watatu. Hakukaa.

"Mimi nirudi wapi, Baba Rukia?" akaniuliza.

Hapo jawabu lilikuwa moja tu, kuomba radhi. Lakini wale wateja walikuwa wananitazama, basi nikasema, "Kwani nimekutaja jina?" Akasema ikiwa hayo ndiyo maneno yangu basi nyumbani kwake nisifike nayo. Nami kichwa kikapanda, nikaapa mbele ya watu, "Wallahi, hodi kwako sipigi tena."

Ikapita miezi minane. Mtadhani niliishi na hasira, lakini hasira iliisha wiki ya kwanza, kilichobaki ni udadisi. Kila taarifa ya habari ikisomwa redioni najiuliza, hili naye angelisemaje? Mtu wake akihama chama, najiuliza, sasa atamtetea vipi? Nilikuwa nikikaa na wenzangu wa upande wangu, tunakubaliana kila kitu, dakika kumi mazungumzo yamekwisha, tunabaki kuangalia mbuzi wakipita. Na nyumbani nilikuwa nimepiga marufuku jina lake lisitajwe. Mke wangu, Mama Rukia, alisema "Haya" akanyamaza (kunyamaza ambako ningekuwa na akili ningekutilia shaka).

Sasa Jumamosi moja, baada ya adhuhuri, nikasikia magari. Nikachungulia mlangoni, nikaona magari matatu yamejaa vumbi yamesimama kwa Baba Mwende, na watu wanashuka wamevaa vizuri, wazee kwa akina mama, na juu ya ukuta nikaona ncha ya hema. Hapa kwetu msimu wa siasa ukikaribia, hema na magari ni mgombea. Nikasema moyoni, leo mtu wake kaja mpaka nyumbani, na mimi niko upande wa pili wa ukuta nakunja suruali ya mteja. Yule bwana anawaahidi nini? Na Baba Mwende anamuuliza nini? Maana namjua, hawezi kukaa bila kuuliza.

Mtu mwingine angekwenda akapiga hodi. Mimi nimeapa. Basi nikachukua pipa tupu la maji nikalifudikiza penye ukuta, nikatandika gunia juu ya vigae vya chupa vilivyopangwa pale, nikapanda. (Vigae vile tulivitia sisi wawili, mwaka ule tulioibiwa kuku, yeye akipaka saruji mimi nikivunja chupa na kumpa, kwa hivyo hakuna mtu Malindi nzima aliyejua ukali wake kunishinda mimi.) Nikatoa kichwa. Nikaona migongo tu. Nikajivuta kidogo nimwone aliyekalia kiti cha mbele, na hapo ndipo pipa lilipoondoka chini ya miguu yangu.

Nikabaki tumbo juu ya gunia, miguu kwangu, kichwa kwa Baba Mwende. Na cha kwanza nilichokiona kwa macho yangu ni mke wangu, amesimama penye sufuria la pilau la jirani, mwiko mkononi, ananitazama. Asubuhi aliniambia, "Niko hapa kwa jirani, chakula chako kiko jikoni," nami sikuuliza jirani yupi. Wanawake hawakuwa wamenuniana hata siku moja.

Mshtuko ule ukanimaliza. Nikaangukia upande wao, kishindo, na kikoi changu kikabaki juu ya ukuta kimenaswa na vigae.

Hapa itabidi niwaambie kuhusu bukta yangu. Kule kwenye kampeni zilizopita watu wa Baba Mwende waligawa leso zenye picha ya mgombea wao, na mimi, kwa chuki tu, niliikata moja nikajishonea bukta, na ile sura nikaipanga nyuma makusudi ili niwe naikalia. Nilidhani ni siri yangu na cherehani. Sasa nimelala kifudifudi uani kwa watu, na yule bwana anatabasamu juu angani, na watu thelathini wanamtazama.

Nikainua uso. Hapakuwa na mgombea. Palikuwa na Mwende, mtoto niliyemshonea sare tangu chekechea, amekaa mkekani na leso mpya, na wazee kutoka Marafa wamekuja kumposa. Nilihisi uchungu ambao haukuwa wa goti nililoangukia. Mtoto huyu anaposwa, na mimi nimekuja kuchungulia ukutani kama mwizi.

Mzee aliyekuwa akisema kwa niaba ya waposaji akamgeukia Baba Mwende taratibu.

"Huyu ni nani?"

Baba Mwende angesema mwizi, nisingekuwa na la kujitetea. Angesema simjui, vilevile. Akaniangalia, akaangalia bukta, akarudisha macho kwa mzee.

"Jirani yangu," akasema.

"Yule tuliyekuuliza mbona hayupo kikaoni, ukatuambia amesafiri?"

"Ndiye huyo," akasema Baba Mwende. "Amerudi."

Mzee akafikiri. "Na huwa haji kwa mlango?"

"Aliapa hatapiga hodi kwangu. Ni mtu wa kushika neno lake."

Hapo mtu mmoja akashindwa kujizuia, kisha wote wakacheka, na Mwende naye akacheka mpaka machozi, akasema, "Shikamoo ami," na mimi nikaitikia marahaba nikiwa chini vilevile. Mke wangu akaja akanifunga leso kiunoni kama mtoto. Nikaletewa kiti. Hakikutoka mbali, kilikuwa pale pale ubavuni kwa Baba Mwende, kitupu tangu kikao kianze.

Wageni walipokuwa wakila nilimwambia nikitazama sahani, "Ile sauti sikuisikiliza mpaka mwisho. Na hata ningeisikiliza, si ya kutumwa. Niwie radhi." Akatafuna kwanza. Kisha akasema, "Nilikungoja siku ile ile. Nikangoja na ya pili."

Nikamwekea nyama yangu kwenye sahani yake.

Yamini kama ile niliyoapa ukiivunja ina kafara, basi wiki ile nililisha masikini kumi, na sufuria tulilibeba mimi na yeye, mkono huku mkono huku, akinieleza njia nzima kwa nini mtu wangu hafai. Hatujakubaliana hata kitu kimoja. Bukta aliitaka nimpe, nikampa, sijui ameifanyia nini, na naogopa kuuliza. Na tangu siku hiyo nikifika mlangoni kwake napiga hodi kwa sauti mtaa mzima usikie, naye yuko ndani, namsikia anakohoa, hajibu. Napiga ya pili, kimya. Ananiacha mpaka ya tatu, kila siku, ndipo anasema karibu.