Fundi Aliyekata Uzi kwa Meno

Mafundi wa chumba kile cha ushonaji walikuwa na mkasi mdogo mmoja wa kukatia nyuzi, na kwa kuwa ulikuwa wa wote, siku zote ulikuwa kwa mwingine. Ndiyo maana walikata uzi kwa meno. Ukimaliza kushona unainamisha kichwa, unang'ata, kazi inaendelea. Pindo alijifunza hivyo kwa mama yake, kama alivyojifunza kushika pini kwa midomo na kuongea bila kuzimeza. Jina la Pindo alipewa humohumo chumbani. Walisema pindo zake zimenyooka kuliko meno yake.

Ni kweli meno hayakunyooka. Ya juu yalitoka mbele na kupandana kama watu wanaogombea mlango, na tangu utotoni alicheka kwa kuziba mdomo na kiganja. Mama yake ndiye aliyesema sasa basi, twende kwa daktari wa meno.

"Umri huu, mama? Nina mvi."

"Mvi ziko kichwani. Mimi nazungumzia mdomo."

Wakaenda. Daktari alibandika kifungo kidogo cha chuma juu ya kila jino, kisha akapitisha waya mmoja kwenye vyote. Kuanzia siku hiyo, kila baada ya chakula cha jioni, mama alivuta kiti karibu na taa na kusema, "Fungua nione." Aliukagua mdomo wa mwanawe kama anavyokagua mshono wa mwanafunzi. "Hapo nyuma umeruka. Rudi." Pindo alikuwa mwanamke mzima anayejitegemea, lakini alirudi kwenye beseni. Na kila mara mama alimalizia na neno lilelile: "Na uzi kata kwa mkasi. Vifungo vitabanduka."

Mama akafariki kabla vyuma havijamaliza kazi yake.

Pindo hakulia. Waliokuja kumpa pole walimtazama kama watu wanaosubiri sufuria ichemke. Mama mdogo alimshika bega.

"Lia, mwanangu. Usijibane."

"Sijibani, mama mdogo. Hakuna kitu tu."

Alikuwa anasema kweli. Alirudi kazini, akashona sare za shule, sketi juu ya sketi, na mguu ukakanyaga cherehani kama mguu wa mtu mwingine. Pembeni aliweka chupa ya chai yenye sukari nyingi, akawa anaionja kidogokidogo kutwa, si kwa kiu wala kwa utamu. Asubuhi alipiga mswaki kwa mazoea. Usiku alijitupa kitandani hivyohivyo. Siku alipotema mate akaona damu, aliamua kutogusa sehemu ile, maana kidonda hupumzishwa. Baadaye damu ikaonekana kwingine, akapapumzisha napo.

Mchana mmoja alimaliza sketi, akainama, akang'ata. Kitu kikalia mdomoni, tik. Aligusa kwa ulimi, akakuta kifungo cha jino moja kinaning'inia kwenye waya.

Jirani yake wa cherehani, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, akageuka. "Umemeza pini?"

"Kifungo kimetoka."

"Cha sketi?"

"Cha jino."

Redio akamwangalia sana. "Hicho si chetu. Nenda kwa fundi wake."

Daktari alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, mwenye mikono midogo. Aliwasha taa juu ya kiti.

"Mara iliyopita hukuja."

"Nilifiwa na mama."

"Yule uliyekuwa unakuja naye, aliyeniuliza maswali mpaka nikasahau majibu?"

"Huyohuyo."

"Pole sana, dada yangu." Akachukua kioo. Akaangalia ndani. Akampa Pindo kioo cha mkononi ajionee mwenyewe.

Fizi zilikuwa zimevimba, zimeanza kupanda juu ya vyuma. Kuzunguka vifungo kadhaa kulikuwa na madoa meupe, kama chaki ya fundi ambayo haijafutwa.

"Weupe huu ndio mwanzo wa kuoza," daktari alisema. "Hiki kilichobanduka nakirudishia leo. Lakini ukija tena nikakuta hali hii, navitoa vyote. Siwezi kukunyooshea meno huku yanatoboka."

"Ukivitoa sasa?"

"Yatarudi yalikotoka. Kazi yote itakuwa bure."

Pindo aliyasikia maneno hayo kama mtu anayeambiwa kesho kuna mawingu. "Panatoka damu," alisema. "Ndiyo maana sipagusi."

"Panatoka damu kwa sababu hupagusi. Uchafu ukikaa pale, fizi zinavimba. Piga mswaki palepale, taratibu, mpaka pazoee." Akamwonyesha tena, ingawa siku ya kwanza alishamwonyesha: mswaki laini uinamishwe juu ya kifungo, kisha chini yake, kiburashi chembamba kipite nyuma ya waya, uzi wa meno uingizwe chini ya waya kwa sindano ya plastiki. "Na chai ya sukari ya kutwa nzima, acha. Kama huwezi, inywe pamoja na chakula, halafu sukutua kwa maji. Sasa hiki kifungo ulikitoaje? Mfupa?"

"Uzi."

"Uzi gani?"

"Wa sketi."

Daktari alivuta barakoa juu, lakini macho yalimsaliti kwamba anacheka.

Usiku huo Pindo alikaa mbele ya beseni. Vikitoka si vitoke, aliwaza. Nani atauliza? Alitafuta ndani yake sababu ya kujali, hakuiona, kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba cha wageni. Mbele yake palikuwa na sindano, uzi, na mstari wa kufuata. Hiyo kazi aliijua. Akatunga uzi, akaupitisha chini ya waya, akasugua pembeni mwa jino, akautoa, akahamia la pili. Damu ikatoka. Akaendelea. Alipomaliza hakuwa na furaha wala huzuni, alikuwa amemaliza.

Jioni iliyofuata akafanya vilevile, na nyingine.

Shida ikabaki kazini. Chupa ya chai aliiacha nyumbani, lakini kichwa chake kiliinama chenyewe kabla hajakumbuka. Redio akajipa kazi ya ulinzi. "Kichwa," alikuwa akiita bila kuinua macho, na Pindo ananyooka. "Kichwa, shoga. Mimi si mlinzi wako wa kudumu. Tafuta mkasi wako mwenyewe."

Mkasi ulikuwepo. Alijua ulipo, ndiyo maana hakuutafuta. Ulikuwa nyumbani, kwenye droo ya cherehani ya mama, chini ya kitambaa ambacho hakuna aliyekifunua tangu maziko.

Siku ya mapumziko alikifunua. Vumbi kidogo, harufu ya mafuta ya mashine. Kwenye droo mlikuwa na reli za uzi, kipande cha chaki, na mkasi mdogo ndani ya mfuko wake. Akautoa. Makali yalikuwa yanang'aa kwa mafuta ya dukani, na vishikio vilikuwa bado vimefungwa pamoja kwa uzi uleule uliotoka nao kiwandani.

Pindo aliutazama. Yule mama wa "kata kwa mkasi" hakuwahi kukata hata uzi mmoja kwa mkasi huu. Akamwona kitini karibu na taa, amekunja uso, anamfokea mwanawe, na kwenye mdomo wake wa chini kipande cha uzi mweusi kimenata.

Kicheko kikamtoka ghafla. Mkono ukapanda kuziba mdomo, ukakuta hakuna wa kumficha. Mdomo ulivyotanuka, ncha ya waya ikamchoma ndani ya shavu, na kicheko kikaishia hapo. Machozi hayakuja. Alingoja kidogo kuona kama yatakuja.

Kisha akauinua mkasi afungue ule uzi, na kichwa kikaanza kushuka. Meno yalishagusa fundo alipojishtukia.

Akaketi chini, akalifumua fundo kwa kucha. Lilikuwa limekazwa hasa, likamchukua muda mrefu.

Alipokwenda tena kwa daktari, taa ikawashwa, kiti kikalazwa.

"Fungua nione," daktari alisema.

Pindo akakawia kidogo, ndipo akafungua.

Kioo kikapita nyuma, mbele, nyuma tena. "Fizi zimeshuka. Hazitoki damu." Daktari akagusa jino kwa ncha ya chuma. "Madoa haya sikudanganyi, mengine hayataondoka. Lakini hayajawa matundu. Vyuma vinabaki." Akabadilisha waya, akaukaza. "Leo usiku yatauma."

Pindo alirudi kazini akiwa na mkasi shingoni, umening'inia kwenye kipande cha utepe. Redio akauona mara moja.

"Niazime."

"Hautoki shingoni. Katia hapahapa."

Redio akasogea na sketi yake, akainamisha kichwa mpaka kifuani kwa mwenzake, akakata. "Haya ni mateso," alisema, akarudi kukaa.

Kufika jioni meno yalishaanza kuuma, yote kwa pamoja, maumivu mazito yaliyopanda mpaka chini ya macho. Pindo alikaa mbele ya beseni, akayasikiliza. Kisha akatunga uzi, akaanzia nyuma, pale anaporuka.