Kadi Ambazo Hazikugeuzwa

Jua bado halijavuka ukuta wa makaburi, naye ameshapiga goti kwenye umande. Anafuta kibao cha bati kwa kiganja na kusoma tarehe iliyoliwa na kutu. Anasimama, anajipangusa sketi, anachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu.

"Huyu ni wa mwezi wa tatu," anamwambia mzee aliyefuatana naye. "Tunayemtafuta ni wa mwezi wa nne. Tusogee."

Ni karani wa ofisi ya makaburi, mwanamke wa miaka hamsini na mbili. Wenzake humwita Mama Mashine. Zamani alilipenda jina hilo. Siku hizi akiitwa huitika kwa sauti ndogo, macho chini.

Jina alilipata pale ofisi ilipoamua kuhamishia kadi zote za mazishi kwenye kompyuta. Zilikuwa zaidi ya elfu kumi, za miaka arobaini, zimejazana makabatini hadi mlango wa stoo ukagoma kufungwa. Alifundishwa kuskani, yaani kuzipiga picha kwa mashine, asubuhi moja tu, na kufikia mchana alikuwa akiiendesha mashine ile kama cherehani yake ya nyumbani.

"Niliringa, sikufichi," anasema. "Nilirudi nyumbani kifua mbele, nikamwambia mume wangu leo pika wewe, mimi ni mtu wa kompyuta."

Mashine iliweza kupiga picha pande zote mbili. Lakini kadi za kabati la kwanza hazikuwa na kitu nyuma, na kurasa tupu zilimchelewesha. Akazima upande wa nyuma. Kazi ikaenda mbio, bosi akamsifu mbele ya watu, na kadi zikapakiwa kwenye lori kwenda kusagwa.

Kumbe kuanzia kabati la pili kadi ziliandikwa na karani mwingine, mwenye mazoea yake. Mbele aliandika jina na tarehe. Nyuma alichora kwa penseli mahali kaburi lilipo: bomba la maji hapa, njia pale, na alama ndogo alipolazwa marehemu. Kwa makaburi yasiyojengewa, hiyo ndiyo ramani pekee iliyokuwepo.

"Kugeuza tu," anasema, na mkono wake unageuka hewani kana kwamba umeshika kadi. "Ningegeuza hata moja ya kabati la pili. Sikugeuza."

Kosa lilipojulikana, bosi alimwita, akafunga mlango. Akaagiza kwamba yeyote atakayeuliza aambiwe stoo iliingia maji ya mvua, kadi zikaoza, hakuna linalowezekana tena.

"Nikasema hivyo mwaka mzima. Nilisema vizuri mpaka watu wakawa wananipa pole. Mimi. Wananipa pole mimi."

Mmoja wao ni seremala aliyekuwa akitafuta kaburi la mama yake. Alipewa hadithi ya mvua, akashukuru, akaenda zake. Mwaka huu alirudi, akaomba aruhusiwe angalau kukaa ndani ya ukuta wa makaburi, popote, awe karibu na mama yake.

"Mama mdogo ndiye aliyepajua," seremala alimwambia. "Alikuwepo siku ya mazishi, mimi nilikuwa wa kubebwa mgongoni. Naye tumemzika mwezi uliopita."

Karani akaketi, akamweleza yote, kuanzia mashine hadi lori.

"Sasa dada," seremala akasema, "ungeniambia mwaka jana, si ningemleta? Alikuwa anatembea vizuri tu."

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema karani. "Kosa la mashine angenisamehe. Lile la mdomo wangu ndilo lililomnyima mama yake."

Tangu hapo, kila Jumamosi, siku yake ya mapumziko, huja na yule mzee, mchimba makaburi wa zamani, kutafuta. Makaburi yalichimbwa kwa kufuata tarehe, kwa hiyo yenye vibao huonyesha njia ya kuyafikia yasiyo navyo. Mzee naye hamwachi bila kumtania.

"Mama Mashine, leo umepanda miguu? Umeme umekatika?"

Anacheka kidogo, kisha anarudi kupiga goti.

Kaburi la mama wa seremala sasa ni mojawapo ya matuta mawili yaliyo bega kwa bega, hawajui ni lipi. Wamegotea hapo. Seremala hufika, humsalimia mzee, huketi katikati ya matuta hayo. Lakini seremala hamsalimii karani. Naye karani hasogei kumlazimisha.

Bosi hajui kwamba karani anazungumza na gazeti hili. Akijua, kazi inaweza kuota mbawa, na mtoto wake wa mwisho bado yuko shule. Hata hivyo anaomba maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema. Anafikiria kwanza, akikunja na kukunjua kitambaa chekundu.

"Niliowaambia stoo iliingia maji, haikuingia. Niliwadanganya. Rudini, na mje na mama wadogo, na wajomba, na yeyote aliyesimama hapa siku ile. Waleteni wangali wanatembea. Jumamosi mtanikuta getini."