Ubao Mkavu na Kitambaa Cheusi

Mke wangu ana pumu, nami sina pahali pa kupasulia mbao isipokuwa baraza ya nyuma, iliyoshikamana na jiko. Hapa Nyeri, ambako ukungu hushuka mlimani na kukaa, useremala wa uani hauwezekani kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kwa muda mrefu nilitumia msumeno wa mkono, polepole, kama nisomavyo. Bega la kulia lilipokataa, niliazima msumeno wa umeme, ule wa kushikwa mkononi wenye diski ya meno. Jioni hiyo mke wangu alikohoa mpaka akashika ukingo wa meza, na asubuhi nikamkuta akikunja nguo zake.

"Naenda Murang'a kwa dada," alisema. "Kule kuna joto, na hakuna mtu anayejenga rafu za vitabu. Ukimaliza utaniita."

"Rafu haziishi, Mama. Unajua hilo."

"Basi ndiyo maana nakunja nguo zote."

Hakuwa amekasirika, na utulivu wake ndio ulionitisha. Nilimwomba anivumilie siku chache. Useremala sikukusudia kuuacha, wala sikukusudia mke wangu afukuzwe nyumbani kwake na unga wa mbao. Alikubali kwa sharti moja: atakaa mlangoni pa jiko na kikombe chake cha chai huku mimi nikipasua, akikimaliza bila kukohoa, atabaki.

Katika maduka yetu ya vifaa, msumeno hujaribiwa hewani. Muuzaji huuchomeka kwenye stima, huuacha uvume, kisha yeye na mteja hutikisa vichwa kana kwamba wamesikia hoja nzito. Mimi nilitaka kuliona vumbi, na mvumo hauna vumbi. Kwa hiyo nilifika dukani kununua msumeno wangu nikiwa na ubao kwapani pamoja na kitambaa cheusi kilichosalia mke wangu aliposhonewa buibui.

"Mwalimu, leo umekuja kutuuzia nguo?" aliuliza mwenye duka, mtu mzima aliyevaa koti zito.

"Nimekuja kukata ubao juu yake."

"Ati ukate mbao hapa ndani? Hii duka nimefagia saa hii tu."

"Si unasema mfuko wa msumeno unaouza unakusanya vumbi lote? Basi hutafagia tena."

Mteja aliyekuwa akichagua misumari akacheka. "Hapo amekushika, bosi."

Mwenye duka akatupeleka kibarazani nyuma ya duka. Msumeno wa kwanza ulikuwa na mfuko wa kitambaa uliofungwa kisogoni. Nilitandaza kitambaa cheusi, nikakata ubao kwa urefu wake, nikatazama. Kilibaki cheusi, ila vipande vichache vizito. Furaha ilinipanda, na mwenye duka alikuwa tayari ameshika kamba ya kufungia boksi, nilipookota chembe chache na kuzisugua kwa vidole. Zikashikana kama ugali.

Ubao huo nilikuwa nimeununua asubuhi ileile. Mbao zetu za saipresi huuzwa zikiwa bado na maji ya msitu, na sote huzinunua hivyo, tukizikausha wenyewe juu ya dari ya jiko. Unga wa ubao mbichi huanguka, hauruki. Nilikuwa nimeupima mfuko kwa vumbi ambalo halikuwa na uwezo wa kumdhuru mtu yeyote.

"Usifunge," nikamwambia. "Nitarudi kesho."

"Na si imekata vizuri?"

"Imekata vizuri sana. Lakini sikuja kwa sababu ya kukata."

Kesho yake nilirudi na ubao uliokaukia darini kwetu kwa miaka. Msumeno uleule, mfuko uleule; safari hii unga laini ulipenya kwenye nyuzi za mfuko kama moshi, kitambaa kikageuka kijivu, na mwenye duka akapiga chafya.

"Haki hii inawasha," alisema, akipangusa macho. Hakutaja tena kamba.

Akaleta mwingine, ambao diski yake ilifunikwa pande zote na kisogoni una mdomo wa kuunganisha bomba la mashine ya kufyonza vumbi. Bomba la mashine aliyokuwa nayo likawa pana kuliko mdomo ule. Niliomba ukanda wa tyubu ya baiskeli, nikauzungusha penye kiungo mpaka hewa ikakosa pa kutorokea.

"Sasa umekuwa fundi wa baiskeli," alinitania.

Nikakata bila haraka. Kitambaa kilibaki cheusi, isipokuwa mstari mwembamba mwishoni, pale diski inapotoka kwenye mti. Mstari huo niliutazama kwa muda, nikaamua kwamba mwisho wa kila ubao nitausukuma polepole zaidi. Nikachukua msumeno na mashine yake.

Nyumbani, mke wangu aliweka kigoda mlangoni, akakumbatia kikombe kwa viganja viwili. Sanduku lake lilikuwa nyuma yake, limefungwa.

"Pasua," alisema.

Nilipasua mbao zote za rafu ya chini, kavu kabisa. Alikunywa taratibu kuliko desturi yake, bila kunihurumia, mpaka nilipozima. Akainamisha kikombe kikiwa kitupu, akapitisha kidole ukingoni, akakitazama kidole.

"Mpigie dada," alisema, "asinitandikie kitanda. Na dirisha lile liwe wazi kila unapowasha hiyo mashine, hata ukungu ukiingia."

Nililifungua dirisha kwanza, ndipo nikatafuta simu.