Rubani Aliyemwagiwa Maji ya Samaki

Ilianza Jumamosi, saa tisa na robo alasiri, huku ughaibuni Woolwich, sebuleni kwa ajuza ambaye mamangu humtunza. Nilikuwa nimemsaidia mama kubeba mizigo tu. Ajuza akanitia mkononi shajara na barua za babake, rubani wa jeshi la majini aliyekaa Mombasa wakati wa vita.

"Kesho asubuhi kwenye ukumbi wa mtaa tunawakumbuka waliopigana vita; utatusomea ukurasa huu," akasema. "Si wewe watoka huko huko?"

Mimi huyu, ambaye darasani nikiitwa jina nainua kidole tu.

Nilizisoma ndani ya basi. Loo, mtu kujipenda! Ndege yangu, suti yangu nyeupe, wenyeji wavivu. Wavivu, na yeye alikuwa akivuliwa viatu na mtumishi! Halafu ukurasa wenyewe. Siku moja aliona mlango wazi Mji wa Kale, akapita moja kwa moja mpaka uani "kutazama maisha yao". Wanawake wakapiga kelele za furaha, eti. Bibi mmoja akammwagia maji ya baraka, "yenye harufu ya samaki", naye bwana mkubwa akainamisha kichwa kushukuru.

Hodi hakupiga. Kawakuta wanawake vichwa wazi, wanapara samaki, kisha anangoja baraka! Hata mbuzi wa jirani husita mlangoni.

Nyumbani nilimsomea mama. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akafuta macho.

"Soma kama ilivyoandikwa, mwanangu, ukae."

"Lakini mama, walikuwa wanamfukuza!"

"Kwani mimi sijui? Yule ajuza hana kingine cha babake. Na kazi yangu iko kwake. Ukimuudhi, mimi ndiye nitakayeambiwa nisirudi."

"Kwa hiyo nimsifu mpumbavu?"

"Ahaa, leo una mdomo! Shuleni huwa umeuacha wapi?"

Asubuhi nilisimama mbele ya watu. Nilisoma mpaka penye baraka, nikaongeza yangu: "Yalikuwa maji ya kuoshea samaki. Aliingia bila kubisha, wakamtoa." Sauti iliishia kwenye kola ya shati langu. Ajuza, aliyekaa mbele, alisikia. Kikombe kikamganda mkononi. Mama akainamia viatu vyake. Walio nyuma hawakuambulia neno, wakapiga makofi na kutabasamu.

Nikangoja wanyamaze, nikarudia kwa sauti.