Mstari wa Bamia

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni mtunza stoo wa shule ya bweni, na wanafunzi wamembandika jina la Kipimo. Jina limemkaa. Kwa miaka kumi na saba amepima mchele na maharage ya watoto mia nne, na wapishi wanasema ukimpunja kikombe kimoja anajua kabla hujafunga mlango. Si mtu mbaya. Anaamini tu kwamba kila kitu duniani kina idadi yake, na asiyejua idadi asije kulalamika kwake.

Bustani yake ya mboga nyuma ya nyumba anaipanga hivyo hivyo. Mvua zikikaribia, anakaa kwenye baraza ya nyuma na daftari la hesabu la mwanawe, lile la miraba, anachora matuta kwa penseli. Anaanza na vichwa: yeye, mkewe, watoto watatu, mama yake. Sita. Kisha anagawa. Mchicha, mashina kumi kwa kila kichwa. Nyanya, manne. Karoti anazipima kwa hatua za miguu yake. Mimi napanda kwa kukisia, na kila mwaka bilinganya zinanizidi mpaka nawagawia watu ambao hawakuziomba. Yeye hajawahi kubaki na bilinganya hata moja. Inaudhi.

Kitu kimoja tu kilikuwa nje ya mgawo huo, nacho ni bamia. Nyumba ile hakuna anayezigusa ila mama. Watoto wanakunja pua, na Kipimo mwenyewe anasema ule utelezi unamgomea kooni. Lakini mama anazipenda tangu ujana wake, kwa hiyo kila mwaka zilipata mstari wao kando ya ukuta wangu, mashimo kumi na mawili.

Mama alikuwa fundi cherehani mpaka macho yalipomchosha. Bamia zikikomaa huacha chache zikaukie kwenye mti, anatoa mbegu, anazitia kwenye kijifuko cha kitambaa, kisha anakishona mdomo kwa mkono, kwa uzi mwekundu, mishono midogo iliyokazana. Anakihifadhi ndani ya kopo la vifungo juu ya kabati lake. Msimu ukifika, Kipimo hukichukua na kukata uzi kwa wembe.

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya mvua, mama alilazwa. Daktari alimwita Kipimo pembeni akamwambia kwa upole asitegemee kwamba mama atafika mwisho wa mvua. Mtu mwingine angelia. Kipimo aliuliza, "Hiyo ni wiki ngapi?" Daktari akasema labda sita, zikizidi sana nane.

Jumamosi iliyofuata akakaa na daftari lake. Haya alinisimulia mwenyewe, baadaye sana, tumeegemea ukuta kila mtu upande wake. Aliandika vichwa, na alipofika kwa mama penseli ikasimama. Bamia zinachukua siku sitini kuzaa. Wiki nane ni siku hamsini na sita. Akaandika vichwa vitano. Mstari wa ukutani akauandikia miche ya nyanya.

Mkewe alileta chai, akachungulia daftari.

"Na bamia za mama?"

"Mwaka huu ule mstari tuupumzishe."

"Tuupumzishe kwa kupanda nyanya?"

Mkewe akaweka kikombe, akarudi jikoni, na suala hilo hawakuligusa tena.

"Nilikuwa nahesabu tu," aliniambia Kipimo, na macho yake yakawa chini. Nilimwamini. Ndicho kilichonitisha.

Mama alikaa hospitali wiki tisa. Wiki ya saba alianza kuwagombeza wauguzi kwamba mashuka yao yamepindwa ovyo, na hapo ndipo watu walipoanza kunong'ona kwamba huyu haendi popote. Wiki ya tisa alirudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, na fimbo, amekonda hadi gauni linamcheza, ila ulimi ni ule ule. Wakati huo nyanya za ukutani zilikuwa zimeiva. Kwa mara ya kwanza bustani ya Kipimo ilizaa kuwazidi walaji wake, na alinipitishia beseni zima juu ya ukuta bila kunitazama usoni. Nilishangaa, lakini nikazila.

Mama hakwenda kitandani. Alipita moja kwa moja mpaka barazani, akakaa, akatazama tuta moja baada ya jingine, kama alivyokuwa akikagua gauni lililoshonwa na mwanafunzi wake.

"Bamia zangu ziko wapi?"

"Hazikuota, mama," alisema Kipimo. "Mvua zilizidi, mbegu zikaoza."

"Zote?"

"Zote."

"Pole, mwanangu. Umepoteza nguvu zako bure."

Ile pole ndiyo iliyommaliza. Siku tatu hesabu zilimpotea. Kazini alipima maharage, akasahau, akapima tena juu yake. Watoto wakala wakashiba na kumshangilia, naye akaona haya zaidi.

Siku ya nne nilikwenda kurudisha beseni. Nilimkuta mama barazani, miwani puani, kopo la vifungo mapajani, anatafuta kifungo cha shati la mjukuu wake. Kipimo alikuwa anapalilia karoti. Mama akatoa kijifuko kutoka ndani ya kopo, akakigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya mdomo wake. Uzi mwekundu ulikuwa mzima, hakuna mshono uliokatwa. Akakitikisa, na mbegu zikasikika ndani.

Mtunza stoo mzima, mtu wa kuhesabu vikombe, alitoa taarifa kwamba mali imeoza huku mali iko kwenye rafu.

Mama hakumwita. Alikiweka kijifuko katikati ya meza, akaendelea kutafuta kifungo. Kipimo alipokuja kunywa maji akakiona, akasimama pale pale na kikombe mkononi. Mimi nilikuwa bado nimelishika beseni.

"Mama," alisema.

"Zinachukua siku ngapi kuzaa?" aliuliza mama, bila kuinua macho.

"Sitini."

"Na daktari alikupa ngapi?"

"Hamsini na sita."

"Basi hesabu yako ilikuwa sawa," alisema mama. "Mimi ndiye niliyekuharibia."

"Usiseme hivyo, mama. Nilikutoa kwenye daftari. Nilikutoa ungali hai. Nisamehe."

"Ukapanda nini mahali pangu?"

"Nyanya."

"Nani kazila?"

Kipimo akanitazama. Mama naye akanitazama, kisha akalitazama beseni.

"Zilikuwa tamu?"

"Zilikuwa tamu, mama," nilisema, na nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jioni ile ile Kipimo aling'oa mashina yote kumi na mawili, mengine yakiwa bado na nyanya mbichi. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake akimwambia ang'oe taratibu, nyanya hazina kosa. Kesho yake mbegu zililoweshwa, na kesho kutwa zikaingia ardhini, mbili mbili kila shimo. Ziliota zote.

Siku ya hamsini na sita tangu kupanda, Kipimo aliniambia idadi hiyo juu ya ukuta bila mimi kumwuliza, akaenda zake. Siku ya hamsini na nane mama alichuma bamia za kwanza kwa mkono wake. Mezani alimpakulia Kipimo kabla ya kujipakulia mwenyewe, kijiko kimoja, na cha pili. Kipimo alizila zote, macho yanamlengalenga machozi, na watoto wakafikiri ni ule utelezi. Tangu hapo anapakuliwa kila mara. Hajawahi kukataa, wala hajazizoea.

Wiki iliyopita mawingu yalianza kujikusanya. Nilikuwa barazani kwao mama alipomaliza kutoa mbegu mpya. Alizitia kwenye kijifuko, akakunja mdomo wa kitambaa mara mbili, akakirudisha kwenye kopo. Kipimo alikuwa amekaa karibu, daftari mapajani, penseli mkononi.

"Mama, hujakishona."

"Najua."

"Macho yanakusumbua? Nikutungie uzi?"

"Macho hayana neno," alisema mama, akafunga kopo. "Nikilazwa tena nikarudi, sitaki nikute uzi wa kuangalia."

Kipimo alikuwa ameshaandika vichwa sita, na cha kwanza kilikuwa cha mama. Alitaka kumwonyesha. Akalifunga daftari.